Saratani na Usemi wa Watoto Wadogo

Mtoto mdogo akipatwa na saratani, maradhi ambayo wengi huyaita kansa, wazazi wake huuliza jambo moja tu: Je, atapona? Ni haki yao kuuliza hivyo, wala hakuna swali kubwa kuliko hilo. Lakini liko swali la pili ambalo kwa kawaida haliulizwi mpaka mtoto amekwisha kutoka hospitali na kurudi nyumbani kwao Thika au Ruiru, na pengine haliulizwi mpaka siku anapoketi darasani mbele ya mwalimu. Swali hilo ni hili: Je, mtoto huyu anasema kama watoto wa rika lake, na anayasikia sawasawa maneno anayoambiwa?

Zamani swali la namna hiyo lisingekuwa na maana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kwa sababu watoto wengi walioshikwa na saratani hawakuishi. Siku hizi mambo yameanza kubadilika. Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki hata 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2030 watoto wasiopungua 60 katika kila 100 wawe wanapona. Wakazi wa Thika na Ruiru nao wamefupishiwa safari. Kwa miaka mingi mgonjwa wa namna hii alikuwa hana budi kupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, ambako kutoka Thika ni mwendo wa kilomita 40 na zaidi. Tangu mwaka 2019 iko pia Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, upande wa Ruiru, ambayo hutibu saratani za wakubwa na za watoto.

Kwa hiyo wako watoto, na watazidi kuwako, ambao wamepona saratani na wana maisha yao yote mbele yao. Na maisha hayo hayaendeshwi bila ya maneno.

MIAKA YA KUFUNGUKA ULIMI

Kila mzazi anajua mwendo wa kawaida wa mtoto, ingawa hakuna watoto wawili walio sawa. Kabla ya kutimiza mwaka huanza kubwabwaja "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma". Apatapo mwaka mmoja au zaidi kidogo hutoa neno lake la kwanza. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili, "mama njoo", "maji hapa", na akifika mitatu hata mgeni humwelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Hapana anayemfundisha kwa kitabu. Hujifunza kwa kupokezana: yeye hutoa sauti, mtu humjibu, huonyesha kitu kwa kidole, mtu hukitaja jina. Jambo hili hutokea mara nyingi mno kila siku, jikoni, kisimani, mgongoni mwa mama, ndani ya matatu.

Sasa ifahamike kwamba saratani nyingi za watoto huja katika miaka hiyo hiyo. Saratani ya jicho, iitwayo retinoblastoma, karibu kila mara hutokea kabla ya mtoto kutimiza miaka mitano. Lukemia, yaani saratani ya damu, huwapata zaidi walio kati ya miaka miwili na mitano. Saratani ya figo ya watoto nayo huonekana sana penye miaka mitatu au minne. Maradhi humkuta mtoto katikati ya kazi yake kubwa ya kujifunza kusema, naye hulazimika kuiacha kazi hiyo kwa miezi mingi ili apigane na jambo jingine.

Hebu itazamwe hali yake katika wodi. Dawa zenye nguvu humtia vidonda mdomoni, hata kumeza mate ni taabu, sembuse kusema. Mwili umechoka. Pengine amewekwa mpira puani wa kumlisha. Wauguzi waliojifunika mdomo na pua kwa ajili ya kumkinga na maambukizo humsemesha, lakini yeye haoni midomo yao ikienda, na mtoto mdogo hujifunza mengi kwa kutazama midomo. Daktari humweleza mama, mama humweleza nyanya, na maneno yote hupita juu ya kichwa cha mgonjwa. Watoto wenzake, ambao ndio walimu wake wakubwa wa lugha, hawaruhusiwi kuingia. Na hata akirudi nyumbani hukatazwa kucheza nao kwa muda, maana surua au tetekuwanga vyaweza kumwua mtoto ambaye dawa zimepunguza nguvu za damu yake.

Liko na jambo jingine ambalo halisemwi sana kwa sababu linatokana na upendo. Mtoto mgonjwa huonewa huruma mpaka hana haja ya kusema. Kabla hajafungua kinywa amekwisha kupewa uji. Kabla hajataja kiu, kikombe kimekwisha kufika. Akitupia macho kitu, kaka yake hukimbia kukileta. Baada ya miezi sita ya kuhudumiwa hivyo mtoto amejifunza kwamba kunyamaza na kununa hupata kila kitu upesi kuliko maneno. Wazazi hawakukosa kwa kuwa na huruma. Lakini inafaa kumpa mtoto nafasi, wakingoja kidogo tu huku wakimtazama usoni, ili aombe mwenyewe kwa neno au kwa ishara. Akiulizwa, "Uji au chai?", apewe muda wa kujibu, hata kama jibu ni kidole tu, kisha aambiwe, "Haya, chai. Chai ya moto."

SIKIO LINALOSIKIA NUSU

Katika mambo yote yanayodhuru usemi wa mtoto aliyetibiwa saratani, lililo kubwa na lisiloonekana ni upungufu wa kusikia. Ziko dawa mbili za jamii moja, sisplatini na kaboplatini, ambazo zimeokoa watoto wengi. Sisplatini hutumiwa kwa saratani ya ini na kwa uvimbe fulani wa ubongo na wa mishipa ya fahamu. Kaboplatini hutumiwa sana kwa saratani ya jicho. Dawa hizi zaweza kuliharibu sikio la ndani. Sisplatini ndiyo kali zaidi, lakini kaboplatini nayo si ya kupuuzwa, hasa kwa watoto wachanga. Aidha baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama jentamisini, ambazo mgonjwa wa saratani hupewa mara nyingi kwa ajili ya homa, huongeza madhara hayo.

Sikio la ndani lina kijumba kilichojipinda kama kombe la konokono. Ndani yake zimo chembe zenye vinyweleo vidogo sana, na hivyo ndivyo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Chembe za mlangoni mwa konokono hupokea sauti nyembamba. Zile za ndani kabisa hupokea sauti nene. Dawa huanza kuua zile za mlangoni. Na chembe hizo zikifa, kwa binadamu hazioti tena.

Matokeo yake huwadanganya watu wengi. Mama akiwa na shaka huchukua sufuria akaigonga nyuma ya mtoto. Mtoto hugeuka. Mlango ukifungwa kwa kishindo, hushtuka. Lori likipita barabarani husema, "Gari!" Basi wote husema kwamba masikio yake ni mazima. Lakini sufuria, mlango na lori vina sauti nene, na sauti nene bado anazisikia. Asizozisikia ni sauti nyembamba za maneno: s, f, sh, ch, th. Mama akisema "fika", "pika" au "shika", mtoto husikia mwisho wa neno tu, naye hubahatisha mwanzo wake. Penye utulivu hubahatisha vizuri, maana humtazama msemaji usoni. Lakini katika chumba kimoja cha kupanga kule Ruiru, redio inaimba, jirani anazungumza nyuma ya ukuta, na mvua inapiga mabati, kubahatisha humshinda.

Mtoto hutamka vile asikiavyo. Mtoto wa miaka miwili akisema "ukari" badala ya "sukari" hapana cha kuogopa, kwani wengi husema hivyo. Lakini mtoto wa miaka mitano aliyetibiwa kwa dawa hizo, ambaye bado huangusha s na f na sh katika maneno yake, anastahili kupimwa masikio kabla hajaambiwa kuwa ni mzito wa ulimi. Katika nyumba ambazo Kikuyu ndicho lugha ya kwanza huenda dosari hii ikajificha kwa muda mrefu zaidi, maana Kikuyu kwa asili hakina sauti ya f. Huenda ikafichuka tu mtoto aanzapo Kiswahili na Kiingereza shuleni. Hapo mwalimu humwita, naye haitiki. Huambiwa afungue ukurasa wa sita, naye hutazama wenzake wanafungua wapi. Asipokuwa na bahati huitwa mkaidi au mjinga, na pengine huadhibiwa, hali maradhi yalikwisha miaka mitatu iliyopita na kila mtu amekwisha kuyasahau.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Kwa mtoto mchanga hutiwa kijiti laini sikioni kinachotoa sauti ndogo, na mashine husikiliza mwangwi ambao sikio zima huurudisha. Kazi hiyo yaweza kufanyika mtoto akiwa amelala. Aliye mkubwa kidogo huvishwa vifaa masikioni na kuambiwa atie kipande cha mti katika kikapu kila asikiapo mlio. Inafaa mtoto apimwe kabla ya kuanza dawa hizo, kisha apimwe tena matibabu yakiendelea, ili daktari akiona masikio yanaanza kudhoofika aweze kufikiri kama kipimo cha dawa kitapunguzwa au kama dawa itabadilishwa. Uamuzi huo ni wa daktari peke yake. Mzazi asije akaikataa dawa kwa kuogopa masikio. Mtoto mwenye kusikia kwa shida huishi, na saratani isiyotibiwa huua. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza, "Je, dawa hii hudhuru masikio? Mtoto wangu atapimwa lini?" Hakuna utovu wa adabu katika swali hilo.

Utafiti nao haukulala. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali kwa watoto wenye saratani ya ini ambayo haijaenea mwilini. Nusu yao walipewa sisplatini peke yake. Nusu walipewa sisplatini, na baada ya saa sita wakatiwa dawa nyingine mshipani, sodiamu thayosalfeti. Katika kundi la kwanza watoto 63 katika kila 100 walipungukiwa na kusikia. Katika la pili 33 tu. Marekani iliiruhusu dawa hiyo kwa kazi hiyo mwaka 2022. Haifai kwa kila saratani, wala haifai kutolewa ovyo, lakini inaonyesha kwamba madhara hayo siyo lazima yampate kila mtoto.

JICHO, NA SHULE YA THIKA

Retinoblastoma si maradhi ya kila siku. Humpata kama mtoto mmoja katika kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Dalili yake ya kwanza mara nyingi huonwa na mama: mboni ya jicho hung'aa nyeupe kama jicho la paka penye mwanga hafifu, au katika picha iliyopigwa kwa taa jicho moja huonekana jekundu na jingine jeupe. Makengeza yanayoanza ghafla nayo yaweza kuwa dalili. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, si mwezi ujao, maana ikiwahiwa ugonjwa huponyeka, na ikicheleweshwa huingia ubongoni.

Pengine jicho hutolewa ili maisha yaokolewe. Mara nyingi huwa ni jicho moja, na mtoto huendelea kuona kwa lililobaki. Yakiwa yote mawili, mtoto huyo itambidi ajifunze lugha kwa njia nyingine, kwani haoni kidole kinachoonyesha wala tabasamu linalomjibu. Kwake jina lisilo na kitu cha kushika ni kelele tu. Kwa hiyo kitu na kitiwe mkononi mwake neno likisemwa. Nanasi, kwa mfano, katika nchi ya Thika si haba: apewe alibebe zito, apapase ngozi yake yenye magamba, ahisi miiba ya majani yake, alinuse, lipasuliwe alionje, na muda wote huo aambiwe ni nini kinachofanyika. Anayeingia chumbani ajitaje. Anayetoka aage. Mama akichota maji aseme, "Nachota maji," ili sauti ile ya maji ipate jina.

Wazazi wasiogope mtoto asiyeona akichelewa kutofautisha "mimi" na "wewe". Akitaka uji huweza kusema, "Unataka uji?" kwa sababu ndivyo asikiavyo kila uji unapoletwa. Jambo hili ni la kawaida kwa watoto wasioona, nalo hupita. Ajibiwe tu kwa upole: "Mimi nataka uji. Sema, nataka uji."

Mjini Thika ipo Shule ya Wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ambayo ndiyo kongwe ya aina yake nchini Kenya. Watoto husoma hapo kwa maandishi ya nukta yanayopapaswa kwa vidole. Lakini mwalimu wa shule hiyo, kama mwalimu mwingine yeyote, hufundisha kwa sauti. Mtoto aliyepoteza macho kwa maradhi na kusikia kwa dawa yumo katika taabu mara mbili, kwa sababu masikio yalikuwa ndiyo macho yake. Ndiyo maana mtoto wa retinoblastoma anayepewa kaboplatini asikose kabisa kupimwa masikio.

UBONGO, TAYA NA MISHIPA

Mambo mengine yaelezwe kwa ufupi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Afrika, na saratani hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Huonekana zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi, kama vile kando ya Ziwa Victoria na pwani, kuliko katika nchi ya Kiambu. Lakini Thika ni mji wa viwanda na watu wake wametoka kila pembe ya Kenya. Taya likivimba na meno yakilegea, mtoto husema kwa shida na watu humwona kama bubu. Habari njema ni kwamba uvimbe huo husinyaa upesi sana dawa zikianza, na usemi hurudi.

Dawa iitwayo vinkristini, inayotumiwa katika saratani ya damu na nyinginezo, ilipatikana katika ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Bukini, ambalo watu wengi wanalo bustanini bila kujua sifa yake. Mara chache dawa hii hudhoofisha mishipa ya koo, na sauti ya mtoto hukwaruza, daktari aambiwe. (Ua lenyewe lisichemshwe nyumbani. Lina sumu.)

Uvimbe wa ubongo una jambo lake la ajabu ambalo wazazi wanafaa waelezwe mapema. Uvimbe wa kisogoni ukiisha kukatwa, karibu mtoto mmoja katika kila wanne wenye aina moja ya saratani ya hapo huamka salama, husema vizuri siku moja au mbili, kisha hunyamaza kabisa. Hasemi neno. Wazazi hudhani amerogwa, au kwamba daktari amemharibu ulimi. Ukweli ni kwamba ubongo umeshtuka sehemu inayoongoza mwendo wa maneno. Kunyamaza huko huchukua wiki kadhaa au miezi, kisha maneno hurudi pole pole, ingawa kwa wengine hubaki mazito. Katika muda huo mtoto husikia na huelewa mengi. Asemeshwe, asomewe, aimbiwe, wala watu wasizungumze habari zake mbele yake kana kwamba hayupo.

Watoto wa lukemia hutiwa dawa uti wa mgongoni, na wengine walitibiwa kwa mionzi ya kichwa, ambayo siku hizi madaktari huikwepa kwa watoto wadogo kila inapowezekana. Hawa kwa kawaida hawapotezi maneno. Lakini baadaye wengine huwa wazito kidogo wa kufikiri jibu, na husahau maagizo marefu. Akiambiwa, "Nenda chumbani, uchukue kikapu, umpelekee nyanya, urudi na chumvi," atarudi na kikapu. Apewe agizo moja moja.

LUGHA IPI?

Katika miji hii mtoto mmoja huzungukwa na lugha tatu au nne. Nyanya husema Kikuyu au Kikamba, mama na jirani Kiswahili, daktari Kiingereza, na vijana wa mtaani wana yao. Wazazi wengine, wakisikia kwamba mtoto amechelewa kusema, huacha lugha yao na kumsemesha Kiingereza kibovu wakidhani watamsaidia shuleni. Hilo ni kosa. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto mgonjwa, wala mzima. Kinachomchelewesha ni kusemeshwa kidogo, au kusemeshwa na mtu asiye na maneno ya kutosha katika lugha anayoitumia. Kila mtu na amsemeshe mtoto kwa lugha anayoijua vizuri, ile ambayo ndani yake anaweza kutania, kusimulia na kufumba kitendawili. Nyanya anayekaa kando ya kitanda akisimulia hadithi ya sungura na fisi kwa lugha ya kwao anafanya kazi ambayo hakuna dawa iwezayo kuifanya.

Wataalamu wa kutibu usemi ni wachache sana nchini, na wengi wao wako Nairobi. Lakini tangu mwaka 1984 Kenya, kwa msaada wa Denmark, ilianza kuweka vituo vya kupima watoto wenye upungufu mbalimbali, na ofisi ya elimu ya mahali humweleza mzazi kilipo kilicho karibu. Aidha Kasarani, safari fupi kutoka Ruiru, iko Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, ijulikanayo kama KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo hupima watoto na kufundisha walimu wao.

KUMWAMBIA MTOTO UKWELI

Mtoto ambaye hajajua kusema naye huumwa, na asipokuwa na njia ya kueleza hulia mpaka anyamaze kwa kukata tamaa. Afundishwe ishara chache ambazo mama na wauguzi wote wanazijua: mkono tumboni ni maumivu ya tumbo, kidole mdomoni ni kiu, kutikisa kichwa ni basi, sitaki. Aliyefika miaka minne au mitano aweza kuonyeshwa picha za nyuso, ya kwanza ikicheka na ya mwisho ikilia, akachagua ile inayofanana na anavyojisikia.

Na asidanganywe. Wazazi wengi, kwa nia njema, humwambia mtoto wanakwenda sokoni kununua ndizi, kumbe wanampeleka akachomwe sindano ya mgongo. Safari ya pili huambiwa tena, na ya tatu. Mtoto huyo hapotezi imani kwa hospitali tu; hupoteza imani kwa maneno yenyewe, na asiyeamini maneno huacha kuyatumia. Yafaa aambiwe kwa kimo chake: "Leo tunakwenda kwa daktari. Utachomwa sindano mgongoni. Itauma kidogo, nami nitakushika mkono." Atalia, lakini atakuwa amejifunza kwamba mama akisema jambo, ndivyo linavyokuwa.

Siku ya kwenda shule mwalimu aelezwe wazi kwamba mtoto huyu alitibiwa saratani, kwamba saratani haiambukizi, na kwamba pengine hasikii vizuri. Aketi mbele, mbali na dirisha la barabarani, mahali anapoona mdomo wa mwalimu. Akiwa na vifaa vya masikioni avivae darasani na nyumbani pia, si kuvifungia kabatini visipotee. Wenzake watauliza, na yeye mwenyewe afundishwe jibu fupi la kuwapa.

Kipimo cha mwisho cha masikio hospitalini si kipimo cha mwisho cha maisha, kwa kuwa kwa watoto wengine kusikia huendelea kupungua hata miaka kadhaa baada ya dawa kwisha. Kwa sababu hiyo daftari la matibabu, lenye majina ya dawa alizopewa na tarehe zake, litunzwe mahali pakavu pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mtoto atakapokuwa na miaka kumi, na daktari mpya asiyemjua atakapouliza alitibiwa kwa nini, majibu yatapatikana humo.